Kisumu Inaita: Miaka Yangu Kwenye Redio ya Bandari

Vijana wa bandarini waliponiaga kwa soda na mkate wa siagi, msichana wa mapokezi aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. "Mama Peres, kwani wewe ulikuwa unafanya nini kule juu siku nzima?" Wenzake walicheka, lakini si kwa dharau. Hata wao hawakujua. Walipoajiriwa, redio yangu ilikuwa inanyamaza kuliko inavyosema, na mtu anayekaa kando ya redio iliyonyamaza huonekana kama mlinzi wa sanduku.

Sasa nimerudi nyumbani Asembo, nimeweka meza karibu na dirisha, na nitajaribu kumjibu. Habari za vyeo sitaandika. Nilipandishwa mara moja tu, wakabadilisha kibao cha mlangoni, kiti kikabaki kilekile.

Niliingia bandarini mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye swichibodi ya hospitali moja mjini, nikiunganisha simu za madaktari waliokuwa hawataki kuunganishwa. Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili, nikitafuta kazi isiyo na zamu za usiku. Bandari nao walikuwa wakitafuta mtu ambaye sauti yake haipotei ndani ya kelele. Walinisikiliza nikisoma ukurasa wa gazeti kwa simu kutoka chumba cha pili, wakaniambia nije Jumatatu.

Chumba cha redio kilikuwa juu ya ghala, mwisho wa ngazi za chuma ambazo saa ya jua kali hungeweza kuzishika ubavuni. Ndani alikuwemo Mzee Ogola, mtu mrefu aliyevaa sweta hata Februari, mwezi ambao Kisumu hata mbwa hutafuta kivuli cha nguzo ya stima.

"Unaitwa nani?"

"Peres Achieng'."

"Nyar kanye?" Yaani binti wa wapi.

"Wa Asembo, Mzee."

"Basi nitakuita Nyar Asembo. Makapteni wakisikia Peres watadhani serikali imenunua meli mpya."

Akanionyesha vyombo vyangu. Redio yenyewe ilikuwa sanduku la chuma la kijani, na maikrofoni yake ilikuwa na kitufe ubavuni. Darubini ilining'inia kwenye msumari. Ukutani palikuwa na ramani ya ghuba yetu, ule mkono mrefu wa ziwa unaoanzia Kisumu na kwenda hadi mlango mwembamba wa Rusinga, ndipo ziwa kubwa lianze. "Ukibonyeza unasema," alisema. "Ukiachia unasikia. Kazi yote ni hiyo. Shida ni kujua lini uachie."

Nikaona ni jambo rahisi. Nikabonyeza, nikaita meli ya abiria iliyokuwa ikitoka Homa Bay. Iliitwa Fulu, jina la samaki wadogo waliojaa ziwani nilipokuwa mtoto. "Fulu, Fulu, hapa Kisumu. Nipe mahali ulipo, ova." Ova ni neno la kumpa mwenzako zamu ya kusema. Nikangoja. Kimya. Nikangoja tena, jasho likanitoka, nikaanza kufikiri kwamba siku yangu ya kwanza kazini meli imezama. Mzee Ogola alikunywa chai yake mpaka chini kabisa, kisha akasema kwa upole, "Nyar Asembo, toa kidole, mwache mtu aseme."

Nilipoachia, sauti nzito ya mwanamume ikajaa chumbani. "…Kisumu, mimi niko hapa tangu zamani. Huyo mpya ameshika kitufe au ameshikwa na kitufe?"

Huyo alikuwa Kapteni Were. Nilifanya naye kazi karibu miaka miwili kabla ya kumwona uso. Kwa sauti ile nilikuwa nimemjengea mwili wa mtu mrefu mwenye ndevu. Siku aliyopanda ngazi kuja kunisalimia nilitazama nyuma yake nione kapteni yuko wapi, kwa kuwa aliyesimama mlangoni alikuwa mfupi, mwenye uso laini, ameshika fungu la ndizi. "Ndiye mimi, Mama," alisema. "Wote hufanya hivyo."

Kila asubuhi niliita vituo vyote vya ghuba kwa mpangilio alioukuta Mzee Ogola: Kendu Bay, Homa Bay, Asembo Bay, Mbita. Kila kituo kilikuwa na karani wake, na kila karani na tabia yake. Kendu Bay alianza na malalamiko. Homa Bay alianza na hali ya hewa hata kama mbingu ilikuwa nyeupe pe. Mbita alisalimia kwanza: mimi, watoto wangu, Mzee Ogola, na sweta ya Mzee Ogola. Baada ya vituo niliita meli, na mwisho feri kubwa ya mabehewa, ile iliyobeba treni nzima mgongoni kuipeleka Mwanza na Uganda. Nikimaliza mzunguko huo nilikuwa nimeshika ghuba yote mkononi. Najua ni kujisifu. Lakini ndivyo nilivyojisikia, na sijapata tena kujisikia hivyo.

Mzee Ogola hakufundisha kwa maneno mengi. Jambo moja aliloniambia nawaachia ninyi. Dhoruba ikimkuta mtu majini, usimwulize, "Uko salama?" Hakuna kapteni atakayekujibu hapana. Mwulize, "Unaona nini mbele yako?" Akikujibu upesi, anaona. Akichelewa, anatafuta. Akianza kukueleza mambo ya nyuma yake, piga simu kwa mkubwa wa bandari. Kwa njia hiyo nilijifunza kusikia pumzi kabla ya maneno. Alasiri moja ya mvua ya mawe, umeme ukipasua mbingu juu ya Dunga, ufuko wa wavuvi kando ya mji, nilimwuliza Kapteni Were swali hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Naona taa yenu, kama si ya hoteli." Ilikuwa ya hoteli. Nikamwambia apinde kulia, akapinda.

Saa za utulivu Mzee Ogola alisimama dirishani na kunisimulia mji. Baba yake alikuwa kibarua wa gati la kwanza. "Hapa palikuwa mafunjo na viboko," alisema. "Reli ilikuja ikitafuta maji, ikayapata, ikasimama. Meli zililetwa kwa vipande ndani ya mabehewa. Baba yangu amebeba kipande cha meli begani kama mtu anavyobeba mlango. Halafu wakaziunganisha hapo chini, wakazisukuma ndani ya maji, mji ukaanza. Ndiyo maana barabara zote za zamani zinateremka hapa. Mji huu ulizaliwa ukiangalia ziwa."

Nilipoanza kazi, bado uliangalia ziwa. Siku ya meli ungeijua hata kama ungekuwa umefungiwa ndani. King'ora kikilia, mikokoteni ilianza kuteremka kutoka soko la Kibuye kuja kuchukua mizigo ya akina mama: vyungu kutoka Kendu Bay, viazi na mikeka kutoka kwetu Asembo, samaki wakavu waliofungwa kwa majani ya migomba. Wafanyabiashara wa Kihindi walisimama kwenye vizingiti vya maduka wakijua kwamba baada ya saa moja watauza khanga, sufuria na mafuta ya taa. Gati lilinuka samaki, dizeli na mapera. Nikifumba macho hapa nilipo, harufu hiyo bado inakuja, ila haikai.

Chini ya dirisha langu palikuwa na chelezo, pale meli zilipopandishwa kutengenezwa, na karakana, ufalme wa Fundi Harjit. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kijaluo chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wangu. Ndiye aliyetengeneza kila kitu kilichoharibika bandarini, kuanzia winchi mpaka redio yangu, na kila mara alilaumu aliyekitengeneza kabla yake, ambaye pia alikuwa yeye.

Mzee Ogola alistaafu kabla miaka ya themanini haijaisha. Siku ya mwisho alinikalisha kwenye kiti chake akasema, "Ukikaa hapa huna ndugu majini, Nyar Asembo. Ama huna hata mmoja, ama wote ni ndugu zako. Chagua, lakini usichanganye." Nilidhani ni maneno ya kuagana tu. Alifariki kabla sijamwambia kwamba niliyahitaji.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Upande wa mashariki wa dirisha niliona mabati mapya yakimetameta mtaa wa Manyatta kila msimu, mpaka mahali nilipokuwa nikiona mashamba nikawa naona moshi wa majiko tu. Upande wa barabara malori yaliongezeka. Muuzaji wa Kibuye aliyekuwa akiuliza, "Meli inaingia saa ngapi?" akaanza kuuliza, "Lori limefika Kisian?" yaani njiapanda ya kuingilia mji. Simlaumu. Lori humfuata mtu mpaka mlangoni. Meli inataka mtu aifuate. Polepole mji uligeuka ukalipa ziwa mgongo, kama mtoto aliyekua anavyosahau aliyemnyonyesha, bila ubaya, kwa shughuli tu.

Halafu yakaja magugumaji. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Fundi Harjit alipanda ngazi zangu na shada la maua ya zambarau yaliyokuwa yakielea karibu na chelezo. "Zawadi ya ziwa," alisema. Nikayaweka ndani ya kikombe kando ya maikrofoni, nikayamwagia maji. Nawaambia jambo hilo ili mjue hatukuwa na akili zaidi ya mtu yeyote. Tuliyaona mazuri.

Baada ya misimu michache yalikuwa yakija kama visiwa. Wengi wenu mnajua jinsi upepo wa ghuba unavyofanya kazi: alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka na kutoka ziwani kuja kwetu. Magugu yalitii upepo kuliko askari. Asubuhi yangeondoka, gati likabaki jeusi na safi, tukapumua. Saa nane mchana yangerudi, kijani kutoka Dunga mpaka gati la mafuta, ungedhani ng'ombe wanaweza kushuka kulisha. Meli zilijifunza kuingia mapema. Siku moja Fulu ilichelewa.

Asubuhi hiyo karani wa Asembo Bay aliniita nje ya mzunguko. "Kisumu, nina abiria wako hapa, ova."

"Abiria wangu nani?"

"Mama yako mzazi. Mguu wake si mzuri. Tumempakia kwa kiti."

Mama yangu alikuwa na kisukari na ukaidi, na cha pili ndicho kilichomzuia kutibu cha kwanza. Kidonda cha mguu alikuwa akikitia majani na kukificha chini ya khanga. Ndugu zangu walipokiona, vidole vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Njia isiyomtesa ilikuwa meli, kwani gari lingemtikisa mpaka Kisumu. Nikaomba hospitali wamwandalie kitanda, nikarudi kwenye kiti changu kumngoja.

Fulu ilicheleweshwa Kendu Bay na pampu iliyokuwa ikisumbua. Ilipofika mbele ya Dunga upepo ulikuwa umeshageuka. Niliiona kwa darubini, nyeupe, ndogo, na kijani kikiizunguka pande zote kama ugali unavyozunguka kidole. Kisha ikasimama.

"Kisumu, hapa Fulu." Sauti ya Kapteni Were ilikuwa tulivu mno. "Magugu yameziba matundu ya maji ya kupozea. Injini inachemka. Nimezima, ova."

"Unaona nini mbele yako?"

Alichelewa kujibu. "Mbele naona gati lenu. Kushoto naona mawe ya Dunga. Nimetupa nanga, lakini magugu ni mazito, yanatusukuma na nanga inaburutwa."

Mkubwa wa bandari alikuwa Nairobi kwa mkutano. Msaidizi wake alipanda ngazi mbilimbili, akatazama, akashika kichwa. Fundi Harjit na watu wake walikwisha kushusha mashua ya injini. Tuliwaona wakiyakata magugu kwa panga wakiwa wamesimama ukingoni, na kila walipofungua njia ya urefu wa mashua, ilijifunga nyuma yao. Baada ya muda mrefu walikuwa bado karibu na chelezo. Mitumbwi ya Dunga haikuweza hata kutoka ufukweni. Meli iliyojaa watu ilikuwa mahali ambapo mtu angeweza kuipungia mkono, na hakuna aliyeweza kuifikia.

Ndipo nikakumbuka feri ya mabehewa. Ilikuwa njiani kutoka Mwanza, imeshapita mlango wa Rusinga. Ni chombo kizito, na maji ya injini yake iliyavuta kutoka chini kabisa, chini kuliko mizizi ya magugu. Nikamwambia msaidizi wa mkubwa. Akasema, "Na ikikwama nayo? Tutakuwa na meli mbili kwenye mawe ya Dunga."

"Si sisi tutakaojua kama itakwama," nikamwambia. "Anayejua ni kapteni wake. Niruhusu nimwulize."

Akafikiri, akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza kitufe. Kapteni wa feri alikuwa Chacha, Mkuria asiyependa maneno. Nikamweleza kila kitu: upepo, magugu, nanga, mawe, idadi ya watu kwa kukisia. Nilipofika mwisho, ulimi ulitaka kuongeza: na mama yangu yumo, Chacha, mguu unaoza. Kidole kilikuwa bado kwenye kitufe. Nikasikia sweta ya Mzee Ogola nyuma yangu, kama inaweza kusemwa kwamba sweta husikika. Nikasema, "Ova," nikaachia.

Chacha akasema, "Mwambie Were asiwashe injini hata akiniona. Aandae kamba nene upande wa nyuma. Nitakuja polepole. Polepole sana, Kisumu. Msiniharakishe."

Muda huo wa kungoja ndio mrefu kuliko yote niliyokaa kwenye kiti kile. Katikati yake Kapteni Were aliniita. "Nyar Asembo, kuna mtu hapa nimempa kitanda changu. Hataki kulala mpaka azungumze nawe."

Nikasikia mkwaruzo, kisha sauti ya mama yangu, akipaza kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Peres! Hiki kitu kinasikia Kijaluo?"

"Kinasikia, Mama. Bonyeza ukisema, achia nikujibu."

"Kapteni wako ni mfupi."

"Najua, Mama. Mguu unaumaje?"

"Hauumi tena." Hilo liliniogopesha kuliko kama angelia. "Huku watu wanaimba nyimbo za kanisa, wengine wanalia. Niwaambie nini?"

Nilitaka kusema maneno ya binti. Nikasema, "Waambie meli kubwa inakuja. Waambie wakae chini, wote wakae katikati, wasikimbilie upande mmoja wakiiona."

"Haya," alisema. Nikamsikia, kabla hajaachia kitufe, akianza kuwafokea watu wazima kama vile ni wajukuu zake.

Feri ilitokea jua likiwa limeshuka lakini bado na nguvu. Ilikuja kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Magugu yalijikunja mbele yake, yakapasuka, nyuma yake ukabaki mstari mweusi wa maji. Fulu ilikuwa karibu na mawe kiasi kwamba watu wa Dunga walikuwa wamejipanga ufukweni wakinyoosha mikono. Chacha hakuikaribia moja kwa moja. Alizunguka upande wa upepo, akasimama, akaacha upepo umteremshe taratibu mpaka nyuma ya Fulu, na mabaharia wakarusha kamba. Mara ya kwanza ilianguka kwenye magugu. Mara ya pili ikashikwa. Sikuwa nimejua kwamba nimesimama juu ya kiti mpaka msaidizi wa mkubwa aliponiambia nishuke.

Aliivuta kinyumenyume, akiitoa kwenye kijani kama mwiba kwenye nyama, mpaka maji ya wazi. Walitia nanga pamoja hadi alfajiri, upepo wa nchi kavu ulipokuja na kufungua gati. Fundi Harjit alimngoja mama yangu na mlango wa karakana alioung'oa bawabani, akamlaza juu yake na godoro, wakambeba yeye na watu wake watatu hadi kwenye pikapu yake. Njiani mama alimwuliza kwa nini Mhindi anazungumza kama mtu wa Kano, tambarare iliyo mlangoni mwa Kisumu. Akamjibu, "Kwa sababu nilizaliwa karibu na Kano, Mama, na wewe ulizaliwa mbali, Asembo."

Madaktari walimkata mguu chini ya goti. Walisema angechelewa siku nyingine moja, wasingekuwa na wa kumkata.

Kapteni Chacha alipojua mama wa nani alikuwa ndani ya Fulu, alipanda ngazi kuja kunitazama. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Ungeniambia," alisema, "ningekimbia. Na ningekimbia, ningekwama." Akavaa kofia, akashuka. Ndiyo sifa pekee niliyopata katika kazi yangu, na sikuomba nyingine.

Fulu haikurudi tena kwenye njia ya abiria. Kwanza ilisemekana ni matengenezo, kisha ni mpaka magugu yaondoke, kisha haikusemwa kitu. Ilifungwa kando ya chelezo na vyura wakaingia chini yake. Kapteni Were alipelekwa ofisini, akafa moyo, akastaafu mapema, akaenda kulima kisiwani Mfangano. Vituo vilifungwa kimoja kimoja. Asubuhi niliendelea kuita kwa mpangilio, na walionijibu wakapungua: Kendu Bay akanyamaza na malalamiko yake, kisha Homa Bay. Mbita ndiye wa mwisho. Siku aliyoaga alinisalimia mimi, watoto wangu, na Mzee Ogola, ingawa alijua amekwisha kufa.

Mama alipotoka hospitalini nilimpeleka nyumbani kwangu, kwenye nyumba za wafanyakazi juu ya reli. Alipopata nguvu nikamwambia kaka yangu atakuja na gari kumchukua.

"Gari la nini?"

"La kukupeleka nyumbani, Mama."

"Mimi nilikuja kwa meli. Matatu inataka mtu wa miguu miwili. Kwenye meli nilipewa kitanda cha kapteni." Akaegemeza gongo ukutani, akakaa. "Nitangoja."

Nilidhani ni maneno ya wiki moja. Alingoja miaka. Kila jioni nilipoingia aliniuliza, "Imefika?" nami nikamjibu, "Bado, Mama." Mwanzoni nilijaribu kumweleza: magugu, barabara, malori, serikali. Alisikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mhubiri wa dhehebu jingine, na kesho yake akauliza tena. Watoto wangu walifikiri akili zimempungua. Hazikupungua hata kidogo. Alikuwa akijua bei ya dagaa wa omena Kibuye mpaka siku yake ya mwisho. Alikuwa ameamua tu kwamba jambo lililokuwa zuri kiasi kile haliwezi kuondoka bila kuaga.

Alifariki usingizini, msimu wa kiangazi. Tukamsafirisha kwa barabara, hakukuwa na namna nyingine. Tukapita Kisian, tukapinda kushoto, na tulipofika kwenye mteremko ziwa likaonekana lote. Siku hizo magugu yalikuwa yameanza kufa, wengine wakisema ni wadudu walioletwa kuyala, wengine wakisema ni mvua kubwa. Maji yalikuwa wazi mpaka ng'ambo, buluu, laini, hayana chombo. Kaka yangu akasema, "Angalau ziwa limepona." Nilikuwa nikilitazama kama mtu anavyotazama meza iliyofutwa baada ya wageni kuondoka.

Sasa mimi nami nimestaafu. Wiki ya kwanza nyumbani nilishuka hadi gati la Asembo Bay. Zege bado zima. Akina mama wamelifunika kwa nyavu na kuanika omena kuanzia ufukweni hadi mwisho, fedha tupu, na nzi wao. Nilisimama mwanzoni nikitafuta pa kukanyaga. Mmoja wao, mwanamke wa umri wa binti yangu, akakunja wavu wake kidogo nipite.

"Mama, unatafuta mtu?"

"Hapana. Nataka kufika mwisho wa gati tu."

Wakasogeza nyavu, mmoja baada ya mwingine, mpaka njia nyembamba ikafunguka. Nikatembea hadi mwisho, pale vyuma vya kufungia kamba vilipo, vimeota kutu. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kugeuka. Nikatazama upande wa Kisumu, nikawaza jinsi ambavyo asubuhi zote zile nilikuwa nikipaita mahali hapa na sijawahi kusimama hapa kuisikia Kisumu ikiita.

Nilikaa sana, naona, kwa sababu yule mwanamke alinifuata. "Mama, unangoja nini?"

Nilifikiria kumweleza. Nikaona kazi yake iko juani, haifai kucheleweshwa. "Nangoja tu," nikasema.

Hakushangaa. Alikwenda akarudi na beseni, akalipindua chini juu, akalipangusa kwa upindo wa leso yake. "Basi kaa, Mama," alisema. "Jua ni kali."